Kijana Akisema Hayuko Sawa: Vidokezo kwa Wazazi, Mabibi na Wajomba

Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2022, uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao. Asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili ndani ya miezi 12 iliyotangulia, na kwa asilimia 12.2 hali ilifikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Katika darasa la wanafunzi arobaini, hao ni watano hivi. Waliopata huduma ya aina yoyote walikuwa wachache mno.

Sababu moja iko wazi. Mtoto wa miaka 15 haendi kliniki peke yake. Hana nauli, hana kitambulisho, hajui aingilie mlango gani, na akikosekana nyumbani kwa saa tatu atasakwa mtaa mzima. Hata yule wa miaka 22 aliye chuoni bado anawaza ya nyumbani: mama atasemaje, baba atalipa ada tena? Kwa hiyo suala la kijana kutibiwa au kutotibiwa mara nyingi huwa limeshaamuliwa sebuleni, daktari hata hajamwona. Na kuna jambo watu hawapendi kulisema: familia inayompenda mtoto kwelikweli nayo inaweza kumchelewesha, kwa kuwa inadhani upendo wake unatosha. Inamlisha, inamwombea, inamficha, na miaka inapita.

Haya, tushuke kwenye vidokezo.

1. Akifungua mdomo, wewe funga wako

"Mama, siku hizi nalia tu, hata sijui kwa nini." Kauli kama hiyo kijana huizungusha kichwani siku nyingi kabla ya kuitamka, na jibu la kwanza atakalopata ndilo litakaloamua kama atasema ya pili. Majibu yetu tunayajua. "Unakula, unavaa, karo imelipwa, mawazo ya nini?" "Ni hiyo simu." "Enzi zetu tulitembea pekupeku hadi shule." "Unajidekeza." Mvulana ana lake maalumu: "Mwanamume halii."

Jibu zuri ni fupi: "Pole mwanangu. Imeanza lini?" Baada ya hapo nyamaza. Akinyamaza naye, nyamazeni wote. Mtoto anatafuta maneno. Usimalizie sentensi zake na usimtajie binti wa jirani ambaye ana shida kubwa zaidi na bado anaongoza darasa.

Baba ambao hamjazoea mazungumzo ya kukaa ana kwa ana, msijilazimishe kuitisha kikao. Zungumzeni mkiosha pikipiki, mkienda sokoni, mkichambua mchele. Vijana wengi huongea vizuri zaidi wasipokodolewa macho.

Jambo moja la kuwa nalo makini: usiape kwamba hutamwambia mtu yeyote kabla hujajua anachotaka kusema. Mwambie, "Sitalisambaza, lakini kama uko hatarini nitatafuta msaada." Vijana huheshimu ukweli huo kuliko kiapo kitakachovunjwa kesho.

2. Utovu wa nidhamu unaweza kuwa na daktari wake

Karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 18, yaani wakati uleule ambao tabia za ujana nazo zinachanua. Ndiyo maana tunachanganya. Kwa mtu mzima sonona huonekana kama huzuni. Kwa kijana mara nyingi huonekana kama hasira, kununa, kuvunja vyombo, kushuka darasani, kulala hadi saa sita mchana au kutolala kabisa. Wengine huanza pombe, bangi au muguka, nasi tunapambana na muguka tukiacha kinachomsukuma kwenda huko.

Kipimo rahisi: hali imedumu wiki mbili au zaidi, na imemzuia kufanya mambo aliyokuwa akiyafanya? Aliyekuwa hakosi uwanjani hataki tena mpira, aliyekuwa msafi haogi, mcheshi amekuwa bubu. Hapo tafuta mtaalamu.

Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwamba majirani wanamfuatilia, usingoje wiki mbili. Hali hizo hujitokeza sana mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na kadiri zinavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

3. Muulize wazi kama amewaza kujiua

Najua, moyo unagoma. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpa wazo. Si kweli, Shirika la Afya Duniani limelikanusha hilo mara nyingi. Kijana aliyekuwa na mawazo hayo huona afadhali kwamba hatimaye kuna mtu ameyataja. Uliza kwa maneno ya kawaida: "Je, umewahi kufikiria kujiua? Na sasa hivi?" Akisema ndiyo, usipige kelele, usimtishie moto wa Jahanamu, na usimwache peke yake. Dawa zote za nyumbani na sumu za shambani zifungiwe mbali naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mahojiano ya ukoo yatasubiri.

Kuna familia zilizokuwa zikificha tukio la aina hii kwa kuogopa polisi, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie jirani yako, maana habari hii haijafika kila kijiji.

4. Nauli kwanza, nasaha baadaye

Kidokezo hiki ndicho ningekibakiza kama ningelazimishwa kubaki na kimoja tu. Tukisema "msaada wa familia" tunafikiria kukumbatia na maneno matamu. Ni vizuri, lakini kinachomfikisha kijana mbele ya mhudumu ni vitu vidogo vinavyochosha: nani atampigia mwalimu simu kuomba ruhusa, nani ataacha kibanda chake cha mboga kwa nusu siku, bima imelipiwa au la, matatu inaondoka saa ngapi.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya kaunti. Huhitaji kufunga safari hadi Mathari, hospitali iliyoanzishwa 1910 na ambayo jina lake tumeligeuza tusi la mitaani. Jina hilo peke yake linatosha kumfanya kijana agome. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili kwa siku maalumu za wiki. Uliza siku hizo mapema, kwani kufika Jumanne na kuambiwa kliniki ni Alhamisi ndiko humaliza hamu ya wengi. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango wa kuwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa kawaida kushughulikia sonona, kifafa na magonjwa mengine ya aina hiyo, kwa hiyo asikuvunje moyo mtu anayesema bila daktari bingwa hakuna kitu.

Mwambie kijana mapema kitakachotokea. Atachukuliwa maelezo, ataulizwa kuhusu usingizi, chakula, shule, dawa za kulevya na ukoo: je, yupo mtu wa familia aliyewahi kuugua? Swali hilo la mwisho ni lako wewe mzazi. Kama mjomba wake aliyefungiwa chumba cha uani hakuwa "amerogwa" bali alikuwa mgonjwa, siku ya kusema ni hiyo.

Msindikize, kisha ujue kutoka nje. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji mzazi au mlezi akubali matibabu, lakini hilo halikupi kiti cha kudumu ndani ya chumba. Mhudumu akiomba kuzungumza naye faraghani, toka bila kununa, na njiani kurudi usimhoji "umemwambia nini kunihusu?" Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kama ilivyorekebishwa 2022, inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika maamuzi ya tiba yake. Mpe nafasi hiyo hata kwenye mambo madogo: amtake mhudumu wa kike au wa kiume, aende na dada yake au nawe.

Halafu kuna miadi ya pili. Ya kwanza ina msisimko, familia nzima imehamasika. Ya pili inaangukia wiki ya kuvuna au siku ya harusi ya binamu, na kijana anaonekana ana nafuu kidogo, basi inaahirishwa, na kuahirishwa. Weka pesa za nauli ya pili siku ileile mnaporudi kutoka kwenye ya kwanza. Zifunge kwenye kona ya leso kama hapana budi.

5. Dua iendelee, kliniki pia iendelee

Sitaki kumgombanisha mtu na sheikh wake, padri wake wala mchungaji wake. Kwa familia nyingi za kwetu hao ndio wa kwanza kuitwa, na kijana anayeamini hupata nguvu halisi kwa kuombewa. Wengi wao, ukiwafuata kwa heshima, watakuwa wa kwanza kukwambia umpeleke hospitali, na neno hilo likitoka kwao ukoo wote hutulia. Mtumie kiongozi wa dini namna hiyo.

Mpaka uko hapa: anayekwambia uache dawa ili imani ifanye kazi, anayemfunga kamba, anayemchapa kumtoa jini au kumnyima chakula siku kadhaa, ondoka na mtoto wako. Usiage.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, kijana anayefunga azungumze na daktari kabla, si katikati. Dawa nyingi zinaweza kupangwa kwenye futari na daku. Lithiamu, inayotumika kwa watu ambao hali yao hupanda na kushuka kupita kiasi, inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mwili ukipungukiwa na maji kiwango chake katika damu hupanda na kuwa hatari.

6. Kundi la WhatsApp la ukoo halihitaji kujua

Hapana. Hata kama mnaomba maombi. Hata kama shangazi wa Dodoma ni muuguzi. Mwulize kijana majina mawili au matatu ya watu anaoridhia wajue, na yaishie hapo. Kijana akigundua kwamba ugonjwa wake umesomwa na watu sitini, wakiwemo wakwe watarajiwa, usitegemee akwambie kitu kingine.

7. Msiri si lazima awe mzazi

Mila zetu zililijua hili zamani. Kuna mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake, lakini na bibi yake wana utani, na mjomba ana njia zake. Usione wivu. Kama kijana amemchagua khalati yake, kazi yako ni kumwezesha huyo khalati: mpe nauli, mpe muda, na usimgeuze jasusi.

Nchini Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare jijini Harare. Aliwafundisha kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo mojamoja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale walikuwa mabibi waliofundishwa, sisemi kila bibi ni mtaalamu. Kuna bibi ambaye ukimpelekea siri saa mbili, saa tatu iko kisimani. Ila mwenye masikio akipatikana, ana thamani kubwa.

Rika nalo lina nafasi yake. Hapa Kenya, taasisi ya Shamiri huwatumia vijana waliowazidi wanafunzi wa sekondari umri kwa miaka michache tu kuendesha vikao vyake shuleni. Kaka au dada aliyemaliza shule juzi anaweza kupenya mahali ambapo wewe unagonga ukuta.

8. Dawa: yajue haya kabla hujaanza kuzisimamia

Si kila kijana hupewa dawa. Kwa sonona isiyo kali, kawaida huanzwa na mazungumzo ya tiba. Zikitolewa, fahamu kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu huja siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huzitupa wiki ya pili: wameona ubaya, uzuri haujafika.

Wiki hizo za mwanzo mkae naye karibu. Kwa walio chini ya miaka 25 kuna tahadhari inayojulikana kwamba mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka dawa inapoanza au kipimo kinapobadilishwa. Ukiona ametaharuki ghafla au hatulii, piga simu kliniki. Wala zisikatizwe kwa siku moja kwa sababu "ameshapona" au kwa sababu jirani amesema zitamfanya teja. Dawa za sonona hazimlevyi mtu, ila zikiachwa ghafla humyumbisha. Humalizwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya aliyezitoa.

Na usimwulize "umekunywa dawa?" mbele ya wageni.

9. Punguzeni makali ndani ya nyumba

Miaka ya 1950 jijini London, mwanasosholojia George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Mtu angetarajia kwamba wanaorudi kwa wazazi au wenzi wao wangefanikiwa zaidi. Ikawa kinyume: wengi wao walirudishwa hospitali kuliko wale waliokwenda kuishi kwa ndugu zao au kupanga chumba. Tafiti zilizofuata zilibaini chanzo. Nyumba zilizojaa lawama na uhasama, na vilevile zile zilizomzonga mgonjwa kwa kumhangaikia kupita kiasi, ndizo zilizoona zaidi ugonjwa ukirudi. Palipo na upole, hali ilikuwa bora.

La lawama tunalielewa. Hilo la kuzongwa ndilo linatugusa wengi wenye mioyo mizuri. Mama anayelala mlangoni kwa mwanawe wa miaka 20, anayemkatia nyama kwenye sahani, anayemjibia akiulizwa jina lake, anafanya hivyo kwa mapenzi, na anamwambia kijana kila siku kwamba hawezi kitu. Muda wa hatari ukipita, mrudishie kazi zake: afue, aende dukani, akosee, arudi. Msikize anaposema anaweza, hata kama unatetemeka.

Lawama za chinichini nazo zihesabiwe. "Tumeuza mbuzi wawili kwa ajili yako" ni kweli, lakini usimwambie.

10. Kama nyumbani ndiko kunakoumiza

Haya yote yamechukulia kwamba nyumba ni salama. Kuna nyumba ambazo anayempiga au kumdhulumu kijana ndiye mwenye funguo. Kama wewe ni jirani, mwalimu, shangazi au mama wa rafiki yake na umeshuku hivyo, usimrudishe kwa "mkubwa wa familia" mkapatanishwe kwa soda. Msaada wa familia hapo unatoka kwenu nyinyi wa nje. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Kenya na vilevile Tanzania.

11. Anayemwuguza naye ana mwili

Mara nyingi ni mama au binti mkubwa. Gawaneni: mmoja aende kliniki, mwingine akae na wadogo, baba alipe na pia asindikize mara moja moja. Anayemwuguza akianza kukosa usingizi na kulia jikoni, naye aonwe na mhudumu.

12. Namba za kuwa nazo

Kenya, 1199 ni simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu ambako utapata msaada wa kisaikolojia. Kwa watoto ni ile 116. Ziweke leo kwenye simu ya kila mkubwa wa nyumba yako na kwenye simu ya kijana mwenyewe, bila kungoja siku atakapozihitaji.